Kompyuta Iliyosemwa Vibaya

Kwa jina la Mola aliyeumba nuru na giza, nasimulia niliyoyapokea kinywani mwa rafiki yangu, mhakiki wa vifaa gazetini.

Kompyuta mpya ya nyumbani ilikuwa imetukanwa na kila mtu. Rafiki yangu akaileta nyumbani kwake aihukumu kwa vidole vyake, akiahidi kwamba ikifaa itawekwa chumbani mwa binti yake.

"Baba watoto, debe hilo utalisifu?" mkewe alimtania.

"Siku tatu halijanikosea, mama."

Alasiri wingu lilitanda, umeme ukakatika, chumba kikawa giza. Akachomoa waya, akasimama mlangoni.

"Hebu pumzika! Unachapaje gizani?" mkewe aliuliza kutoka jikoni.

Mikono ya mumewe ilikuwa kifuani. Vitufe viliendelea kulia ndani ya chumba kitupu, kimoja kimoja, kana kwamba vinabonyezwa na mtoto anayejifunza kuandika.

Mola awahifadhi mliosikiliza, pamoja na watoto wenu.