Jiwe Bichi

Haya yalimpata rafiki yangu Restuta alipokuwa akisomea jiolojia chuo kikuu. Mhadhiri alikuwa amezikataa sampuli zake mara mbili. "Mawe haya yameozeshwa na mvua, binti. Niletee jiwe bichi, lisiloguswa na mvua wala hewa."

Akarudi kijijini Kibingo, akaingia kwenye shimo la zamani lililochimbwa madini ya bati, amefura kwa hasira. Gizani aligonga mwamba kwa nyundo hadi viganja vikachubuka, hata ufa hakuupata. Kila pigo lilijibiwa, naye akadhani ni mwangwi.

Mwishowe akachoka, akaiweka nyundo chini, akakaa. Kugonga kukaendelea.

Kisha kipande cha mwamba kikadondoka miguuni pake. Akakimulika kwa simu. Upande wake wa ndani, usiowahi kuona mwanga, ulijaa alama mpya za nyundo.