Jiwe Kwenye Sufuria ya Mama

Ndugu zangu wa hapa Mkiwa, leo nina hasira na mtanivumilia.

Mnaijua nyumba ya Chrispin, mnunuzi wa alizeti pale njia panda. Sebuleni ana tangi la kioo la maji ya chumvi, lenye samaki wa njano wa baharini na matumbawe yanayopepea taratibu. Jumapili baada ya ibada tulikuwa tunapita kuangalia, tunakunywa chai, tunacheka. Ila mama yake, Bibi Dorika, hakuwa anakaa na sisi. Alishinda kwenye jiko la nje lenye dirisha moja, kwa sababu mwanawe alisema kifua chake kinakoroma mbele ya wageni. Mama mzazi, jamani!

Siku moja tumbawe moja lilibanduka kwenye jiwe lake. Jiwe lenyewe lilikuwa limefunikwa na vijinyama laini, vya duara kama vifungo vya shati. Chrispin akampigia simu aliyemuuzia, akaweka sauti ya juu ili tuone anavyojuana na watu wa Dar.

"Vaa glovu na miwani," yule mtu akamwambia. "Lifanyie nje, penye hewa. Kausha kitako cha tumbawe, paka ile gundi nzito niliyokupa, likandamize kwenye jiwe jingine safi. Hilo la zamani lenye vijinyama usilikwangue wala usilichemshe. Vina sumu."

Chrispin akakata simu akicheka. "Nimenyonyoa kuku tangu nina miaka sita. Jiwe ndilo litanishinda?"

Ndivyo tulivyo huku kwetu, kuku tunammwagia maji ya moto na manyoya yanatoka. Naye akaona vijinyama vitatoka hivyo hivyo, tumbawe alirudishe kwenye jiwe lile lile. Tena hakutaka kuchafua sebule, maana Jumamosi alikuwa na wageni. Akaingia jikoni kwa mama yake, akachukua sufuria yake ya ugali, akatia maji, akatumbukiza jiwe, akabandika motoni, akafunga dirisha upepo usisumbue moto. Kisha akarudi kufuta kioo chake.

"Mwanangu, hiki kitu kinanuka," mama yake akaita.

"Vumilia, mama. Kinakaribia."

Akavumilia.

Mkewe, Loyce, ndiye aliyemkuta chini, anatetemeka na kuhema kwa shida. Niliposikia yowe nilikimbia. Ndani ya sufuria kulikuwa na ute wa kijivu unaotoa povu, ile sufuria tuliyokuwa tunapakuliwa humo ugali. Tulipomtoa bibi nje nilitapika, na uchungu ulinikaa mdomoni siku mbili.

Hospitalini daktari akauliza, "Amevuta nini?"

"Moshi wa kuni tu," Chrispin akajibu, macho kwenye viatu.

"Baba Happiness, sema ukweli!" Loyce akamwambia. Akazidi kukagua viatu vyake. Mama yake anakata roho, yeye anaogopa kuchekwa! Puh!

Loyce akageuka kwa daktari. "Amechemsha jiwe la tangi la samaki. Lina sumu, na aliambiwa." Hapo ndipo daktari alipojua anapambana na nini. Bibi Dorika alikaa siku tisa kwenye oksijeni.

Alipona, lakini sasa akisema maneno matatu lazima apumzike. Siku aliyorudi, Chrispin alikuwa amemtandikia kitanda sebuleni, kando ya tangi, analia kabisa. Bibi akalitazama lile tangi, akatutazama na sisi.

"Nirudisheni jikoni," akasema. Akavuta pumzi. "Huku ni kwa wageni."

FUNZO

Anayefuga matumbawe ajue ni viumbe hai, na baadhi yana sumu ya kuua. Ya kubandika yabandikwe kwa gundi yake, kwa glovu na miwani, nje penye hewa, na moto usihusike. Vyombo vya kupikia visiguswe. Likitokea la kutokea, daktari aambiwe kila kitu hapo hapo, aibu ikae pembeni.

Na wewe mwenye sebule nzuri, kama kitu kinanuka hata hukitaki sebuleni kwako, usimpelekee mama yako.