Somo la Tano

Mwanamume anayetafuta deki ya kanda za video zama hizi ama ana wazimu kidogo ama ana jambo analolificha. Ndivyo fundi alivyowaza alipomwona yule mgeni akipenya umati wa soko la vifaa vya umeme, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kwenye mikono, akaja kusimama mbele ya meza yake. Fundi mwenyewe alikuwa ndani ya ovaroli, kitambaa chekundu kichwani, bisibisi mkononi.

"Dada, hii bado inacheza kanda?"

"Inacheza. Una kanda gani ya kutazama kwa siri?"

Mgeni akacheka. "Sina, ndiyo naitafuta. Nafanya kazi maktaba ya kituo cha runinga. Palikuwa na kipindi cha afya cha watu wazima, *Afya Baada ya Kazi*. Masomo kumi na matatu. Halikubaki hata moja."

Bisibisi ikasimama. Mtangazaji wa kipindi kile, muuguzi aliyewafundisha watu wazima habari za sukari na presha bila kuwafanya kama watoto, alikuwa mama yake. Huu ulikuwa mwaka wa pili tangu kiharusi kimfunge ulimi. Alielewa kila kitu ila neno halikutoka, na binti yake alikuwa ameanza kuisahau sauti yake. Hilo lilimtisha kuliko yote.

"Yule muuguzi ni mama yangu," akasema.

Mgeni akabadilika uso. Fundi aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Lakini moyo haufungwi kwa skrubu. Miezi mitatu baadaye Mtu wa Kanda, jina alilombandika fundi mwenyewe, alikuwa akimpigia asubuhi na jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Unauliza kwa mapenzi au kwa ukaguzi?"

"Vyote viwili, fundi wangu."

Tatizo lilikuwa zile simu nyingine, ambazo alitoka nje kuzipokea. Akiulizwa, anajibu, "Kazini." Kazini gani siku ya Jumapili? Siku moja fundi alijibanza nyuma ya mlango, akamsikia: "Bibie, nakuomba usimwambie mtu. Jumatano nakuja mwenyewe."

Wivu ukampanda. Pafukapo moshi pana moto.

Jumatano alifunga kazi mapema, akavua ovaroli, akavaa gauni lake la kijani linalogeuza shingo za watu, maana hakutaka kufumania akiwa na grisi. Akamfuata hadi kwenye duka la ushonaji, akaingia bila hodi.

Bibie hakupungua miaka sabini. Utepe wa kupimia ulining'inia shingoni mwake.

"Karibu, mwanangu. Wewe ndiye binti wa muuguzi? Macho ni ya mama yako kabisa." Akanyanyua kanda nyeusi. "Nilisikia tangazo la huyu mwenzio la kutafuta kanda, nikampigia. Hili ni somo la tano. Nilipoambiwa nina sukari, nililirekodi juu ya kanda ya harusi yangu. Marehemu mume wangu alininunia mwezi mzima. Nikamwambia, ndoa ninayo, sukari ndiyo siijui."

Fundi hakucheka. Alimgeukia Mtu wa Kanda. "Kanda ya mama yangu mwenyewe. Unanificha kwa nini?"

"Nilitaka nikupe kwanza, ndipo nikwambie." Akainamisha macho. "Mimi ndiye niliyezifuta. Nilikuwa mgeni kazini. Nikapewa orodha, zikatakiwa kanda tupu za kurekodi mpira. Zote kumi na tatu, mchana mmoja. Nilitazama kidogo, nikaona ni kitu cha maana, na bado nikaendelea kufuta."

"Na tangu siku ile mezani unajua mimi ni nani."

"Najua."

"Ukaendelea kuniita mpenzi."

"Hilo halikuwa uongo."

Akaitwaa kanda, akaondoka. Siku nne simu iliita, hakuipokea. Alimpenda, ndiyo maana iliuma. Angekuwa mteja tu, angemtukana yakaisha.

Aliisafisha kanda kwa pamba, akamwekea mama. Picha ikatetemeka, ikatulia, kisha sauti ikatoka, nzito kidogo, imejaa utani: "Wewe baba unayesema huumwi, vua viatu tuione hiyo miguu." Fundi alilia waziwazi. Mama hakulia. Alijitazama, midomo ikiyafuata maneno yake mwenyewe.

Ndipo fundi akapiga simu. "Njoo. Umwambie mama kwa kinywa chako."

Akaja. Alipiga goti mbele ya kiti, akasema yote bila kupunguza. Mama akamkazia macho kitambo kirefu. Kisha mkono wa kushoto, ule mzima, ukalishika sikio lake ukalisokota kama la mtoto aliyevunja sahani. Akavumilia. Mkono ukaachia, ukapigapiga kochi: keti.

"Nilipanga kukuomba uchumba," akamwambia fundi, kiganja sikioni, "siku nitakayoleta zote kumi na tatu."

"Basi tungezikwa kwanza. Una siri nyingine?"

"Sina."

"Lete simu."

Akampa. Fundi akaikagua jina kwa jina, hana haraka.

"Omba leo," akasema bila kuinua macho. "Hizo kumi na mbili utazitafuta ukiwa mume wangu, na mimi nikiwa nyuma yako."