Sukari Ilipokuwa Inashuka

Maiti ilikuwa kitandani, shati limelowa jasho lililokwisha kupoa. Mkononi bado kulikuwa na bandeji, pale alipochomwa sindano za mashine ya kusafisha damu asubuhi ile.

"Nani alimkuta?" Inspekta aliuliza. Alikuwa mwanamke mfupi, mchache wa maneno.

"Mimi," mjane alijibu. "Nilitoka kazini saa kumi na mbili jioni. Nikadhani kalala. Siku za mashine hurudi hoi."

"Alirudi na nani?"

"Na shemeji."

Shemeji mtu, fundi cherehani, alikuwa ameegemea mlango. Wiki iliyofuata alikuwa amtolee kaka yake figo.

"Nilimwacha saa saba," alisema. "Mzima kabisa, tunataniana."

Inspekta aliinua kalamu ya insulini, dawa ya kushusha sukari mwilini. Mjane alisema ilifunguliwa mpya asubuhi hiyo. Sasa ilibaki nusu.

Akampigia simu muuguzi wa kitengo cha figo.

"Figo zikifa, insulini hukaa mwilini muda mrefu," muuguzi alieleza. "Ndiyo maana tulimpunguzia dozi, tena siku za mashine ndizo hatari zaidi. Tuliwafundisha watu wa nyumbani kwake. Mdogo wake aliandika kila neno."

Inspekta alibonyeza kipima sukari. Kilikuwa na kumbukumbu. Saa nane na dakika tano: sita. Saa tisa na nusu: mbili, kiwango cha kuua.

Alichungulia pipa la taka, akitafuta vijiti vya kupimia. Tupu.

"Fundi, toa vilivyomo mfukoni."

"Afande, mimi nimefiwa!"

"Toa."

Kilitoka kibweta cha sindano za kushonea, uzi mweusi, na vijiti viwili vya kupimia vyenye damu iliyokauka.

"Saa saba uliondoka. Hivi ni vya saa ngapi?"

Fundi alikaa chini sakafuni kama gunia lililokatwa kamba.

"Mara ya pili ulipima ukaona mbili. Ulifanya nini?"

"Nilikaa."

"Sukari ilikuwepo jikoni?"

"Ilikuwepo. Kijiko kimoja tu kingemwokoa, afande. Alikuwa anatetemeka, ananiita jina la utotoni. Nikakaa nikamtazama."

"Kwa nini?"

"Figo. Majibu yalipotoka kwamba tunalingana, ukoo mzima walipiga makofi. Mama alilia kwa furaha. Hakuna aliyeniuliza. Mimi kisu nakiogopa tangu mdogo. Kila nikilala najiona nimepasuliwa, wanangu wamebaki. Nikamdunga nusu ya kalamu. Nikasema, akitangulia mwenyewe kwa sukari, nani atajua? Wagonjwa wa figo hufa kila siku."

Mjane alikuwa amesimama nyuma yao, kanga kaifumbata mdomoni. Akaishusha taratibu.

"Shemeji, kaka yako alijua unaogopa. Juzi kaniambia, 'Huyu hawezi, ila aibu inamziba mdomo. Jumapili nitawaambia ukoo kwamba mimi ndiye nisiyetaka figo yake.'"

Inspekta alimshika fundi kwapani, akamsaidia kuinuka.