Taa ya Kijani Nyuma ya Sikio

Matokeo ya mtihani yaliposomwa, hakuna mwanafunzi aliyeinamisha kichwa. Waliofeli walitabasamu sawasawa na waliofaulu, na nyuma ya kila sikio kipozamoyo kikawaka kijani. Kidude hicho, kidogo kama punje ya mtama, kilinasa wazo jeusi kabla halijakomaa, kama vile "mimi ni mzigo tu", kikamnong'oneza kijana wazo jingine la kumtuliza, kwa sauti yake mwenyewe. Mji mpya wa Ihumwa ulimsifu Mhandisi Perpetua Chilewa, aliyekiunda, naye alisifiwa mpaka akaacha kuona haya.

Jioni hiyo alimkuta mtoto wa jirani amevaa sweta ya binti yake, Nyemo. Ilifumwa na bibi yake Nyemo, naye hakuwahi kumwazima mtu.

"Dada Nyemo kanipa, mama," mtoto alisema. "Na paka wake kampa rafiki yangu Eliya. Kasema yeye vitu havihitaji tena."

Perpetua aligeuka mara moja. Alikimbia nyumbani.

"Shikamoo, mama," Nyemo alisema kutoka mezani. Taa yake ilikuwa kijani.

"Marahaba. Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo."

Sauti ilikuwa laini, yenye utulivu uleule wa watoto wote wa mji. Ndipo Perpetua alipoelewa, na akaogopa. Ili mashine ijue mtu mwenye afya huongeaje, alikuwa ameilisha salamu za maelfu ya watu. Lakini nani hapa huanza na msiba wake? Hata aliyefiwa hujibu salama kwanza, akaulizwa ya nyumbani, akaulizwa ya shamba, ndipo aseme "ila". Perpetua alikuwa ameyakata yote yaliyofuata salamu, akidhani ni porojo, na mashine ikajifunza kwamba kusema salama ndiyo afya. Giza la watoto lilibaki palepale. Mashine iliwafunga midomo tu.

Alikibandua kipozamoyo. Tabasamu la Nyemo likaanguka.

"Salama, mama," binti alirudia, kwa mazoea.

Perpetua alivuta kigoda, akakaa, akangoja. "Ila?"

Nyemo aliinamisha kichwa. "Ila sitaki kuishi tena. Siku nyingi sasa. Nikitaka kukwambia, kinanisemea sijambo."

"Nipo, mwanangu," mama alisema, akimkumbatia huku analia. "Sikuachi. Tunakwenda kwa daktari sasa hivi, mimi na wewe."

Kiganjani mwake kipozamoyo kilikuwa bado kijani, kikisema kwa sauti ya Nyemo kwamba hajambo. Dirishani walipita watoto wa mtaa mzima, wakicheka, taa zao zikiwaka.