Focko Bado Anauliza

Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga. Haya, na aliyeyaona maradhi ya mwenzake akanyamaza, yeye ataumbuliwa na nani? Sikiliza yaliyomkuta Tjark wa mji wa Leer.

Jumamosi ya kwanza baada ya mazishi ya Focko, mwanachama mwenzake, Tjark alifika mapema kwenye chumba cha chama. Chama chenyewe ni wazee saba na kompyuta zao kuukuu za miaka ya tisini, na fahari yao ni kuingia nazo kwenye mtandao wa leo. Lakini kivinjari cha miaka thelathini hakiwezi kufungua kufuli za tovuti za siku hizi. Ndipo Tjark akawaundia kikompyuta kidogo, wakakiita Mkalimani. Mzee akiomba ukurasa, Mkalimani anakwenda kuuchukua, anaufungua, anaupunguza uzito, anamletea. Na kila ombi analiandika kwenye orodha. Orodha hiyo aliiona Tjark peke yake, na wenzake hakuwaambia kwamba anaisoma.

Mchana ule ilikuwa na mstari mpya. Kompyuta ya Focko imeuliza: "maumivu ya kifua, ganzi mkono wa kushoto". Tjark akageuka. Kompyuta ilikuwa pale mezani, imezimwa, kebo zake zimening'inia. Akaufuta mstari ule. Ukarudi.

Jumamosi ya pili ikaja harufu ya kafuri, ile dawa ya kuchua ambayo Focko alijipaka kifuani miezi yake ya mwisho akidai ana mafua. Enno, mweka hazina, akauliza nani kajipaka dawa. Kila mtu akamtazama jirani yake. Kisha wakasikia diski inakoroma ndani ya kasha la kompyuta ya Focko lisilo na umeme, inakoroma na kunyamaza, inakoroma na kunyamaza, kama kifua cha mtu anayetafuta pumzi, na Tjark akajua kuwa hata akiziba masikio ataendelea kuisikia.

Akaenda kwa Bibi Almuth, ambaye watu wa huko humwendea awanong'onezee maneno ya kuponya ugonjwa wa mkanda wa jeshi.

"Uliona nini ambacho hukutakiwa kukiona?" bibi alimuuliza.

Tjark akaangalia viatu vyake. "Nilikuwa nasoma wanayouliza wenzangu. Nilijua Focko anaumwa, wiki tatu nzima. Ningemwambia nimejuaje?"

"Huyo si jini wa kufukuzwa kwa maneno yangu, mwanangu. Ameingia kwa macho yako, atatoka kwa mdomo wako. Kamwambie mkewe yote. Ukibakiza punje, punje hiyo ndiyo nyumba yake."

Jumamosi ya tatu Gesche, mjane wa Focko, alikuja kuchukua kompyuta ya marehemu. Akaleta keki, akawamiminia chai yeye mwenyewe. Huko Leer mgeni humiminiwa mpaka atie kijiko kikombeni kuonyesha imetosha, na vikombe vitatu ni haki yake.

Kwenye kikombe cha pili Tjark alimwambia. Ila alisema aliona mara moja tu, tena kwa bahati mbaya.

Gesche akamshika mkono. "Usijilaumu, shemeji. Mimi nililala naye kitanda kimoja na sikujua kitu."

Aibu ilimpanda Tjark mpaka masikioni, na kibaya zaidi, alipata nafuu. Gesche akammiminia kikombe cha tatu.

Hapo kafuri ikajaa chumbani, diski ikaanza kukoroma, na kioo cha kompyuta ya Focko, kebo zikiwa bado zinaning'inia, kikawaka na kuanza kuchora ukurasa polepole kutoka juu, mstari baada ya mstari, tarehe ya siku moja kabla ya kifo chake, kisanduku cha kutafutia, halafu herufi moja moja, kwa mwendo uleule wa Focko aliyeandika kwa kidole kimoja maisha yake yote:

"Tjark, najua unasoma. Naogopa kumwambia Gesche. Nifanyeje?"

Wazee wote walikuwa wamesimama. Gesche alibaki ameketi.

"Hii uliisoma?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Angeweza kukana. Orodha ya siku zile alishaifuta, hakuna ambaye angemsuta.

"Niliisoma."

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu. Niliona aibu kwamba amenijua."

Kioo kikazimika. Diski ikanyamaza, na kafuri ikapotea, ikabaki harufu ya chai tu. Tangu siku hiyo orodha ya Mkalimani haijamtaja Focko tena.

Kikombe cha Tjark kilikuwa bado kimejaa. Gesche akakichukua kijiko cha Tjark, akakitia ndani, taratibu, bila kumwaga tone.