Senene Mdomoni mwa Mkwe

— Mkwe, mmeze kwanza huyo ndugu yako, ndipo tuendelee.

Aliyesema ni Shangazi Tereza, sebuleni kwake pale Nyendo, mjini Masaka, na macho yote yakamgeukia mgeni. Musoke, kijana mwenye kanzu iliyonyooshwa vizuri na koti la kuazima, akabaki na shavu limetuna.

Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amesimama wima, mkono kifuani, akitangaza kwa sauti ya askofu kwamba yeye ni wa ukoo wa Senene, yeye na baba yake na babu zake wote. Kisha akaketi. Msimu ulikuwa wa senene, wale panzi wa kuliwa, na sahani yao ilikuwa mezani, wamekaangwa kwa vitunguu, bado wana moto. Mkono wa Musoke, ambao bila shaka haukuwa umesikiliza hotuba, ukajiendea wenyewe.

Mtu wa ukoo wa Senene hali senene, maana ni ndugu zake. Pale Masaka hata mtoto wa chekechea analijua hilo.

Simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe ulitoka kwa Mugalula, rafiki yake tangu bwenini, aliyekuja naye kama kaka yake na aliyekuwa Senene halisi: "Acha kutafuna." Ukafuata wa pili: "Basi, umechelewa."

— Pokea, mwanangu, — alisema Shangazi Tereza. — Labda ni ukoo unalalamika.

Musoke akameza. Senene yule alishuka kooni kama msumari.

— Na wewe kaka mtu, mbona huli?

— Mimi ni Senene, Shangazi, — Mugalula alijibu.

— Wa kweli?

— Wa kweli.

— Na huyu je?

Mugalula akaanza kuikagua dari, kama fundi aliyeitwa kuja kuitengeneza.

Prosi alikuwa amepiga magoti mkekani, karibu na shangazi yake. Ndiye aliyekuwa akiposwa siku hiyo. Hakupandisha sauti.

— Tangu tujuane sijaonja senene, Musoke. Msimu ukifika nazunguka soko zima nisipite kwa wakaangaji, nisije kukukaribia nikinuka ndugu zako. Mama ananitumia kopo zima, nagawia majirani. Nilijiona mke mwema.

— Prosi...

— Walikuwa watamu?

Musoke akatazama viatu vyake. Angeweza kuingia ndani ya kimoja, angeingia na kujifungia kamba.

— Sijui ukoo wangu, — alisema. — Mama hajawahi kuniambia baba ni nani. Shuleni kila mtu alikuwa anataja ukoo wake, na asiye nao walimwita okoto, mtoto wa kuokotwa. Mugalula akaniazima wake. Nilikusudia kuurudisha.

— Miaka yote hiyo? — Prosi aliuliza.

— Kila nikitaka kukwambia, naona utaniangalia kama hivi unavyoniangalia.

Shangazi Tereza akavuta kiti mbele. Mzaha ulikuwa umemtoka usoni.

— Sikiliza, kijana. Kutomjua baba si kosa lako, na humu ndani hakuna atakayekucheka kwa hilo. Lakini sisi ni wa ukoo wa Kakakuona. Kaka zangu nawajua walivyotembea. Kama wewe ni damu yetu, huyu binti ni dada yako, na mimi nimekuandalia chai uje kumuoa dada yako. Umelifikiria hilo?

Hakuwa amelifikiria. Alidhani ameficha fedheha yake mwenyewe tu, kumbe alikuwa akimburuta Prosi nayo gizani.

— Mpigie mama yako. Weka sauti tusikie wote.

Simu iliita kwa muda mrefu.

— Mwanangu, wamekukubali? — Sauti ya mama yake, Kevina, ilikuwa na furaha mno, na hiyo ikamuumiza zaidi.

— Mama, niko mbele za watu. Wanakusikia. Baba yangu ni wa ukoo gani?

Kuku akasikika upande wa pili.

— Mama, tafadhali. Nimeaibika vya kutosha, nimalizie tu.

— Umewahi kuona uyoga jikoni kwangu?

— Hapana. Ulisema unanidhuru tumbo.

— Haukudhuru tumbo lako. Wewe ni wa ukoo wa Uyoga. Sikuwa na ruhusa ya kukupa jina lao. Nilichoweza ni kukuzuia usiule.

Musoke akafunga macho. Shangazi Tereza akaisogelea simu.

— Dada, mimi ndiye shangazi wa binti. Nani alikunyima ruhusa?

— Walinikalisha uani kwao, siku ya kuwapa watoto majina. Wakatia kitovu kilichokauka cha kila mtoto kwenye maji, watu wote wanatazama. Cha mwanangu kikazama. Wakasema si damu yao. Mama mkwe akanionyesha njia, mtoto mgongoni. Lakini nakuapia, dada, sikuwa na mwanamume mwingine.

— Kitovu alikitunza nani?

— Mama mkwe.

— Alikipaka samli?

— Hapana. Kilikuwa kikavu.

— Basi hawakukutaka, dada, na walijua wanachofanya. Kila bibi anayemtaka mjukuu hukipaka samli kielee. Nimevielesha vingi, na kimoja nina shaka nacho hadi leo.

Simu ikalia kwikwi. Miaka yote hiyo mama alikuwa akiamini kwamba maji ndiyo yaliyomtolea ushahidi wa uongo. Musoke, aliyeona haya kwa ajili ya mama yake tangu shuleni, sasa aliona haya mbele yake.

— Nisamehe, Mama, — alisema, na simu ikakatika.

Shangazi Tereza akafuta macho kwa pembe ya gauni lake la gomesi.

— Leo sina mkwe. Nenda kwa watu wa Uyoga ukajitambulishe. Ukirudi, urudi na jina lako. Kama binti bado anakutaka, hilo mtamalizana wenyewe.

Prosi alimsindikiza hadi kwenye lango. Mugalula akatangulia, ghafla ana haraka kubwa.

— Unakwenda lini? — Prosi aliuliza.

— Jumamosi. Wakinikataa tena?

— Utarudi umekataliwa, lakini utakuwa ni wewe. Huyo mwingine sitaki kumwona tena.

— Nimekudanganya vibaya.

— Vibaya sana. Bado nimekasirika, na nitaendelea. Mama yako anakwenda na nani?

— Na mimi.

— Wewe utakuwa unatetemeka. Mpigie.

Alipiga. Mama akapokea. Prosi akamnyang'anya Musoke simu.

— Mama, ni Prosi. Uani pale huingii tena peke yako. Jumamosi tunatoka saa ngapi?